Mtaalamu wa Usiku Mmoja wa Krakovi

Dismas alikwenda Poland siku tisa, akarudi Guangzhou amebadilika hata namna ya kushika kikombe.

Nasema nilichokiona, kwa sababu chai aliyokunywa kabla ya kwenda uwanja wa ndege nilimpikia mimi, na ya siku aliyorudi nilimpikia mimi. Naitwa Martina, mtu wa Mpanda. Nilikuja China mwaka 2003 kununua jinzi Zhanxi, pale jirani na stesheni ya treni. Baada ya safari nne za kugongwa na mikokoteni visiginoni nikagundua kwamba Watanzania wanaonunua jinzi wana shida kubwa kuliko bei: hawana pa kula ugali. Nikapanga nyumba ghorofa ya saba, nyuma ya barabara ya Huanshi Zhonglu, nikaweka meza mbili sebuleni. Kibali sikuwa nacho. Wateja nilikuwa nao.

Dismas alikuwa mteja wa kila siku. Mhaya wa Muleba, miaka thelathini na minne. Alikuja kwa skolashipu, akasoma Kichina miaka miwili, kisha uhandisi ukamshinda njiani, akawa dalali. Anawapokea wafanyabiashara kutoka nyumbani, anawazungusha madukani, anawatafsiria, anawagombea bei. Kazi hiyo aliiweza. Kichina chake kilikuwa safi kiasi kwamba wenye maduka waliozoea sauti yake kwenye simu walikuwa wakimsubiri mtu mwingine kabisa aingie mlangoni. Kasoro yake ilikuwa moja: jambo dogo likipita mikononi mwake halikubaki dogo. Akikanyagwa mguu kwenye basi, habari ikifika kwangu ilikuwa ajali.

Safari yenyewe ilitokana na padri. Kwao Muleba alilelewa na padri Mpolandi aliyeitwa Zbigniew, jina ambalo liliishinda parokia nzima, ikaamua kumwita Padri Zibi. Mzee huyo alirudi kwao akiwa mgonjwa wa magoti, na mwaka 2006 akatimiza miaka hamsini ya upadri. Akamwandikia Dismas barua: njoo kwenye jubilei yangu, mwanangu, kabla sijafa. Dismas akapata viza, akaenda mji wa Krakovi, ule mji wa zamani wa wafalme wa Poland.

Ungetegemea arudi na habari za padri. Alirudi na habari za baa.

"Dada Martina," alisema siku ya kwanza, ameketi kama mtu anayepigwa picha, "ninyi mnaishi hapa mnadhani mmeona mji. Hamjaona mji."

Akatusimulia. Katikati ya Krakovi kuna uwanja mpana ambao ukisimama upande huu, mtu wa upande ule unamwona kama njiti ya kiberiti. Katikati ya uwanja kuna jumba refu ambamo zamani waliuzia vitambaa. Yaani Zhanxi ya wafalme, alisema, ila bila mikokoteni. Pembeni kuna kanisa lenye minara miwili isiyolingana, na kila saa mtu hupanda juu akapiga tarumbeta, kisha hukata wimbo katikati, ghafla, kwa sababu zamani za kale mpigaji mmoja alipigwa mshale kooni na Wamongolia kabla hajamaliza. Kuna joka la chuma chini ya kasri linalotema moto. Ukilitumia ujumbe wa simu, linakutemea wewe.

Lakini yote hayo yalikuwa kitangulizi. Habari yenyewe ilikuwa usiku. Chini ya kila nyumba ya Krakovi kuna handaki la matofali, na ndani ya kila handaki kuna baa. Watu wanashuka ngazi saa tatu usiku na wanapanda jua likiwaka. Waingereza wanakuja kwa ndege za bei ya chee kumuaga mwenzao anayeoa, wamevaa kama ndizi, wengine kama masista, wanaume wazima wenye ndevu.

"Usiku wa kwanza nilianzia handaki la muziki wa jazi," alisema. "Usiku wa pili nikahamia la Wayahudi. Wa tatu, wa nne, sikumbuki nilikuwa wapi. Krakovi hailali, dada. Nami sikulala."

Burhani, mfanyabiashara wa simu kutoka Tanga, mtu anayekula taratibu na kusikiliza kila kitu, akauliza, "Na padri, mlikuwa mnaenda naye?"

"Padri alikuwa anapumzika."

"Siku zote tisa?"

"Ana magoti, Burhani. Nimekwambia ana magoti."

Ikawa hivyo mwaka mzima. Mtu akilalamika juu ya mvua, Dismas alikuwa na mvua ya Krakovi. Nikipika maandazi, alikuwa na mkate wa duara wenye tundu unaouzwa kwenye vigari vya bluu. Wachina mji huo wanauita Kelakefu. Mimi nilisikia kelele, na sikukosea sana. Wateja wapya walimwamini, wa zamani walihamia meza ya pili.

Mwaka 2007 Guangzhou ilikuwa na pesa kama mtu mwenye homa ana joto. Kila aliyeuza zipu jana leo alikuwa anajenga. Zhanxi kulikuwa na mwenye duka la jinzi aliyeitwa Liang, ambaye Dismas alimpelekea wateja kwa miaka. Tulimwita Laoban Liang, maana laoban kwao ni bosi, na yeye alipenda kuitwa hivyo hata na mkewe. Alikuwa amenunua ghala kuukuu kando ya mto na alitaka kulifanya ukumbi wa starehe wenye sura ya Ulaya. Wenzake wote walikuwa wameshajenga wa kwao, na hilo lilimkera.

Siku moja Burhani alikuwa dukani kwa Liang akingoja mzigo, na Dismas akamtolea Krakovi tena, kwa Kiswahili na mikono. Liang akauliza anasema nini. Dismas akarudia kwa Kichina, tarumbeta, mahandaki, joka na yote. Burhani anasema bosi aliweka chini kikokotoo, jambo ambalo hajawahi kumwona akilifanya.

"Paris imeshachukuliwa," Liang alisema. "Venisi imeshachukuliwa. Hapo jirani kuna mtu amechukua Uswisi nzima. Hiyo Kelakefu yako, kuna aliyeichukua?"

"Hakuna, laoban."

"Basi ni yangu. Na wewe ndiye mtaalamu wangu."

Dismas alikuja kwangu jioni hiyo baada ya wateja kuondoka. Hakukaa kama mtu wa kupigwa picha. Alikaa kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali.

"Dada," alisema, "nina jambo. Nimekuwa mtaalamu wa usiku wa Krakovi."

"Si ndivyo ulivyotaka?"

"Niliuona usiku mmoja tu."

Nikaacha kuosha sufuria. Ndipo akanieleza, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakuongeza chumvi. Alifikia kwenye nyumba ya masista, na lango lilifungwa saa tatu kamili usiku. Usiku saba alikunywa supu ya viazisukari vyekundu, akasali rozari na masista kumi na wawili, akalala. Siku ya nane alikwenda mjini kununua zawadi, akapotea, akarudi saa tatu na robo. Lango limefungwa. Akaona haya kupiga kengele na kuwaamsha masista wazee. Akarudi mjini.

"Ukaenda kwenye mahandaki," nikasema.

"Nilikwenda kwenye milango ya mahandaki. Wa kwanza baunsa akaniambia ni kwa wanachama. Wa pili akatazama viatu vyangu. Wa tatu hakusema kitu, alitikisa kichwa tu. Nyuma yangu wakaja Waingereza waliovaa kama masista, mmoja hana kiatu hata kimoja, wakaingia wakiimba."

Nikamuuliza kama hakuingia kokote.

"Wa nne haukuwa na baunsa. Nikashuka, nikanywa bia moja. Mzee mmoja mlevi akanikumbatia akalia, akaniuliza kama namfahamu mjomba wake aliyeishi Afrika. Nikasema namfahamu. Akalia zaidi. Halafu nikanunua mkate mrefu wenye uyoga na jibini, nikaula kwenye benchi bustanini, nikahesabu tarumbeta mpaka asubuhi. Nilipofika langoni, sista akafungua akanikuta nimesimama na baridi yangu. Akadhani nimeamka mapema kusali. Akanisifu mbele ya wote wakati wa kifungua kinywa."

Nilicheka mpaka nikashika meza. Yeye hakucheka.

"Sasa kwa nini ulidanganya, mdogo wangu?"

Alifikiri. "Hapa kila mtu akiniona ananiuliza bei ya jinzi. Nilitaka waniulize kitu kingine."

Hilo lilinishika, sitaki kusema uongo. Lakini mimi si mtu wa kubembeleza. Nikamwambia aende akaseme alichokiona na alichosikia, maana katika Guangzhou nzima hapakuwa na wa kumbishia, na wengine waliojenga Paris walikuwa wameiona kwenye boksi la biskuti.

Kazi ikaanza. Liang alimwita Xiao Di, yaani mdogo wangu, jina ambalo pia huitiwa mtu wa kuleta chai. Kila wiki Dismas alipeleka michoro, na kila wiki Liang aliirekebisha Krakovi.

Minara miwili isiyolingana akaikataa. Mgeni akiona mmoja mfupi atadhani pesa zilikwisha. Ikajengwa sawasawa. Jumba la vitambaa akalipenda, kwa kuwa alikuwa na jinzi za mwaka juzi zisizouzika, zikatundikwa humo kama mapambo. Chakula, Dismas alimweleza kuhusu vile vitu vya unga vilivyokunjwa kama sambusa, vimejazwa viazi au kabichi, vinachemshwa. Liang akamtazama kwa huruma.

"Hizo ni jiaozi," alisema. "Wametuiga. Andika hiyo kwenye menyu."

Kuhusu tarumbeta walibishana siku tatu. Dismas, mtu aliyechongoa ukweli mwaka mzima, hapo alisimama imara: wimbo lazima ukatwe katikati. Liang hakuelewa.

"Namlipa mpigaji kwa wimbo mzima," alisema, "halafu apige nusu?"

"Alipigwa mshale, laoban. Na Wamongolia."

"Hata sisi Wamongolia walitusumbua. Tulimaliza nyimbo zetu."

Ikaja zamu ya joka. Dismas akaeleza kwamba joka la Krakovi lilikuwa likila watu, mpaka fundi viatu mmoja akalilisha kondoo aliyejazwa kiberiti, likanywa mto likapasuka. Kumuulia Mchina joka siku ya kufungua biashara ni sawa na kumletea jeneza harusini. Liang akasema joka lake halitakufa, halitakula mtu, na litasimama mlangoni likipeana mikono na wateja.

Yote haya Dismas aliyameza, kwa sababu aliamini kwamba siku ya ufunguzi atapanda jukwaani. Aliandika hotuba kwa Kichina, kurasa nne. Alishonesha suti ya kijivu kwa fundi wa soko la nguo la Shisanhang. Alinisomea hotuba mara mbili nikiwa nakaanga samaki, na nasema bila chuki kwamba ilikuwa hotuba nzuri. Mahali pa tarumbeta hata mimi nilisimamisha mwiko.

Wiki moja kabla ya siku yenyewe Liang alimwita ofisini. Kulikuwa na kijana mrefu mwenye nywele za rangi ya majani makavu, ameketi kwenye kiti cha Dismas. Aliitwa Artyom, mwanafunzi kutoka Kazakhstan.

"Huyu ndiye Mwana wa Mfalme wa Kelakefu," alisema Liang. "Atasoma hotuba yako."

Artyom alikuwa kijana mstaarabu. Alimpa Dismas mkono, akamuuliza kwa sauti ya chini, "Samahani kaka, hiyo Kelakefu iko nchi gani?"

Dismas akamwambia bosi kwamba yeye ndiye aliyefika huko.

"Najua," alisema Liang, wala hakukasirika. "Wewe una elimu. Yeye ana sura. Mteja halipi kuona elimu. Lakini wewe sijakusahau, nimekupa nafasi kubwa kuliko zote."

Akafungua kabati. Ndani mlikuwa na joka la sponji la kijani, lenye meno ya plastiki, mkia wa mita mbili na kichwa kikubwa kama tenki la maji.

Ningetegemea Dismas amrushie bosi kichwa hicho. Badala yake alikuja kwangu akasema amepewa kuwa mhusika mkuu.

"Mhusika mkuu asiye na uso," nikamwambia. "Dismas, wamekuficha. Huoni?"

Alichora kwa kidole kwenye maji yaliyomwagika mezani. "Naona, dada. Lakini nimeujenga ukumbi ule miezi saba. Na baunsa waliomwajiri nimemsikia akielekezwa watu gani asiwaruhusu. Katika sisi wote wa jengo hili, joka peke yake ndilo litakaloingia bila kuulizwa."

Nikamwongezea mchuzi.

Ufunguzi ulikuwa Oktoba, siku ya Jumamosi, jua limeshazama. Mimi na Burhani tulikwenda. Nilivaa kitenge changu cha sherehe, Burhani kanzu na koti. Ukumbi uling'aa taa za waridi mpaka kwenye maji ya mto. Watu waliingia kwa makundi. Sisi tulipofika, baunsa akanyoosha mkono, akasema neno tulilolizoea kuliko jina letu: "Meiyou." Hakuna. Hakuna nafasi, pamejaa. Akasema hivyo huku akiwapisha watu wanane wapite kwapani mwake.

Joka lilikuwa hatua tatu kutoka pale, likipeana mikono na watoto wa tajiri fulani. Likageuka. Likaja likiburuta mkia, na kutoka tumboni ikatoka sauti ya Kichina safi, ya ukali wa mwalimu mkuu: "Hawa ni wahudumu wa joka. Wamechelewa. Waingie haraka kabla sijamwambia laoban."

Baunsa akasimama wima. Tukaingia.

Ndani, sitasema palikuwa pabaya. Palikuwa na matofali ya plastiki, minara miwili inayolingana na bomba la bia chini ya kila mmoja, na jinzi za mwaka juzi zikining'inia juu kama watu walionyongwa. Mpigaji tarumbeta alikuwa mtu wa bendi ya mazishi. Alipiga wimbo wa Krakovi mpaka pale pa kukata, akakata, maana Dismas alikuwa amemfundisha kwa siri. Kwa nukta moja ukumbi ulitulia kweli. Kisha Liang akanyoosha kidole, na mpigaji akaumalizia wimbo, na juu yake akaongeza wa harusi.

Artyom akapanda na joho jekundu akasoma kurasa nne. Aliposoma mahali pa mshale kooni, mezani walikuwa wakigombania jiaozi.

Sasa, kati ya wageni alikuwapo mwanamke mnene wa miaka hamsini na kitu, miwani shingoni, amechoka kama sisi wote tunaozunguka madukani. Muuzaji wake wa zipu ndiye aliyemleta, kumfurahisha. Aliitwa Halina, mnunuzi wa kiwanda cha makoti huko Poland, na alizaliwa Krakovi. Hakuna aliyemtegemea, nadhani Liang hakuwahi kufikiri kwamba mji alioununua una wenyewe.

Halina akamwendea Mwana wa Mfalme akamsemesha Kipolandi. Artyom akajibu kwa Kirusi. Halina akasema tena, taratibu, kama unavyosema na mtu aliyeanguka. Artyom akaanza kutoka jasho chini ya taji, na Liang alipouliza kuna nini, kijana akasema kwa Kichina kwamba mama huyu anaongea lahaja ya kijijini.

Mimi nilikuwa karibu, na joka lilikuwa karibu zaidi. Kipolandi cha Dismas kilikuwa cha aina mbili tu: sala, na maneno ambayo Padri Zibi aliyasema gari lilipokwama kwenye tope. Mungu alimsaidia akachagua ya kwanza. Alisema kwa sauti kubwa ile salamu yao, ambayo ndiyo yetu pia: Tumsifu Yesu Kristo.

Na yule mama, glasi mkononi, muziki unalia, taa za waridi zinazunguka, akajibu kabla hajajua anamjibu nani: Milele, amina.

Kisha akatazama kulia, akatazama kushoto. Mbele yake kulikuwa na joka tu.

Dismas akavua kichwa. Uso ulikuwa umelowa kama aliyetolewa mtoni, nywele zimejaa vipande vya sponji. Meza za mbele zikageuka. Halina alimtazama, akamshika mashavu kwa mikono miwili, akaanza kucheka, kicheko cha mtu ambaye hajacheka tangu ashuke kwenye ndege. Akamuuliza amejifunzia wapi. Dismas akataja jina la padri, lote, Zbigniew, bila kujikwaa.

Liang alifika akikimbia. "Anasemaje? Mwulize, ukumbi wetu na Kelakefu, je?"

Dismas akamuuliza, kwa Kiingereza sasa, maana sala zilikuwa zimekwisha. Halina akazungusha macho, kisha akajibu. Na hapa ndipo nilipomheshimu Dismas. Nilimjua kwa mikono ya kukuza. Siku hiyo mikono ilibaki kando, ndani ya kucha za sponji, akatafsiri neno kwa neno.

"Anasema ni kama Krakovi kabisa," alisema kwa Kichina. "Kelele ile ile, bia ghali vile vile, na mlangoni wanachagua watu. Anasema wenyeji hawaendi tena uwanjani usiku, wamewaachia walevi wanaotapika ngazini. Yeye mara ya mwisho ni miaka sita iliyopita. Anasema pia minara hailingani, na wimbo hukatwa."

Liang alikuwa ameacha kusikiliza baada ya sentensi ya kwanza. Alikuwa amemgeukia mpiga picha, anamsukuma Halina asimame katikati yake na Artyom. Kesho yake ilichapishwa bango refu la ghorofa mbili: MWENYEJI ATHIBITISHA, NI KAMA KELAKEFU KABISA.

"Xiao Di," akasema kwa haraka, "vaa kichwa. Tunapiga picha."

"Hapana, laoban."

"Joka halisimami bila kichwa."

"Kichwa hiki hapa." Dismas akampa, naye bosi akakipokea kwa mikono miwili kwa sababu kilikuwa kizito. "Nimechoka kupeana mikono na watu wasioniona."

Akatoka. Sikumwona akigeuka nyuma. Nasikia kwenye picha iliyotoka, bosi amekikumbatia kichwa cha joka kama mtu aliyeshinda kombe.

Vazi lenyewe halikuvulika. Zipu ya mgongoni ilikuwa imekwama, na zipu hizo, Burhani alikumbusha, Liang alikuwa akituuzia kwa jumla. Kwa hiyo tulitembea kando ya mto, Dismas katikati amekuwa joka mpaka shingoni, Burhani nyuma amebeba mkia usilowe. Siku za kawaida teksi tatu tupu hutupita ndipo ya nne ifikirie. Usiku huo ya kwanza ilisimama yenyewe. Dereva alishuka akatufungulia mlango, akaomba kupiga picha na mkia, na njia nzima alimwita Dismas mwalimu. Nyumbani nililikata vazi kwa mkasi wa kuku. Chini yake alikuwa amevaa ile suti ya kijivu.

"Ulivaa suti ndani ya joka?" nikamuuliza.

"Nilidhani huenda wakaniita jukwaani," alisema, akageukia dirishani. Burhani akajifanya anatafuta chumvi.

Jumatatu Halina alimtafuta. Alimkuta Shisanhang, akigombea bei ya bitana na muuzaji aliyekuwa akiapa kwa mama yake. Alisimama pembeni dakika kumi akisikiliza, bila kuelewa Kichina, akaona muuzaji anavyopungua sauti. Akampa kazi ya kukagua mizigo yake kabla haijafungwa: zipu, vifungo, bitana, kila katoni. Ni kazi kavu. Mtu anayekuza mambo haiwezi, kwa sababu katoni zikiwa mia mbili ni mia mbili, na ukisema mia tatu meli inakuumbua. Dismas aliiweza tangu wiki ya kwanza. Watu wengi walishangaa, mimi mmojawapo.

Ukumbi ulidumu miezi minane. Mwaka uliofuata watu wakachoka na Ulaya, Liang akamwaga mchanga sakafuni akauita Maldivi. Minara ikawa minazi. Kichwa cha joka walikikata pembe, wakakipaka bluu, kikawa nyangumi. Artyom alipandishwa cheo akawa mzamiaji. Alipita kwangu mara moja kula wali, akaniuliza kama Maldivi iko karibu na kwetu. Nikamwambia iko karibu kidogo, akafurahi.

Dismas amehamia mji jirani wa Foshan. Ameoa Imelda, msichana wa Karagwe anayesomea uuguzi, ambaye humkatiza akianza kuchelewa kufika kwenye jambo lenyewe. Juzi alinipigia simu, nikategemea hotuba. Akauliza kama nina dagaa. Nikamwambia ninao wa Kigoma, wamefika Jumanne. Akasema anakuja Jumapili na Imelda na mama mkwe aliyetoka nyumbani, watu watatu, na nisitie pilipili nyingi kwa sababu mama mkwe ana vidonda vya tumbo.

"Watatu kweli?" nikamuuliza.

"Watatu, dada," alisema. "Pika wa watatu."